Mficha Uchi Hazai: Historia ya Kisonono na Dawa Zilizoshindwa



Kwenye chumba chetu cha kushonea hupita mengi kuliko vitambaa. Mteja akisimama apimwe, futi ikiwa kiunoni, hapo ndipo husema lile ambalo hajamwambia hata mamaake mzazi. Siku moja alikuja mwenzetu kuchukua gauni la harusi ya wifi yake. Alipofungua kipochi atoe pesa, kikaanguka kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi. Vidonge vinne vya rangi mbili. Tukamuuliza kwa utani anaumwa nini.

Akaangalia mlango kwanza, kisha akatwambia kwa sauti ya chini. Mumewe alirudi safari akawa analalamika mkojo unamchoma. Akaenda duka la dawa, akanunua, wakagawana. "Yeye nusu, mimi nusu. Yeye keshapata nafuu. Mimi hata sina kitu, nameza tu aridhike."

Dada huyu ana miaka minne ya ndoa, hajajaaliwa mtoto, na mawifi washaanza maneno. Utani wetu uliishia hapo.

Sisi si madaktari. Tumemaliza sekondari, tukasomea ushonaji, tukafungua duka. Lakini jambo hili lilitukaa rohoni, tukaanza kusoma na kuwauliza wauguzi tunaowashonea sare. Tulichokuta ni hadithi ndefu ya zaidi ya miaka 80, ya kijidudu kimoja na dawa zilizokishindwa moja baada ya moja. Tumeona tuwaletee, kwa sababu kwenye kila ukurasa wa hadithi hiyo tulimwona yule dada na vidonge vyake vinne.

Wakati lawama zilipokuwa za mke

Kisonono ni maradhi ya kale. Galen, tabibu wa zama za Warumi, ndiye anayetajwa kuyapa jina lake la Kigiriki katika karne ya 2. Maana yake ni kutiririka kwa mbegu, kwani alidhani yale majimaji yanayomtoka mgonjwa ni manii. Madaktari wa Ulaya nao kwa muda mrefu waliamini kuwa kisonono na kaswende ni maradhi mamoja, mpaka Philippe Ricord wa Paris alipoyatenganisha mwaka 1838. Huku kwetu wako waliosema ni tego, mke ametegwa.

Mwanamume akiambukizwa kisonono mara nyingi hujijua. Mkojo unachoma na usaha unatoka. Mwanamke mara nyingi hana dalili yoyote, au ana dalili ndogo ambayo ataidhania ni uchafu wa kawaida. Huku nje hakuna kitu, kumbe ndani maradhi yanapanda taratibu kwenye mfuko wa uzazi na mirija, yanaacha makovu, na mirija inaziba. Ndipo zinapokuja mimba za nje ya kizazi, maumivu ya tumbo yasiyoisha, na kukosa mtoto. Basi mwenye dalili hutafuta dawa, na asiye na dalili huitwa mgumba.

Mwaka 1872, Emil Noeggerath, daktari wa wanawake aliyefanya kazi New York, alilisema hili waziwazi. Aliandika kwamba mume aliyepata kisonono kabla ya ndoa, akajiona amepona, anaweza kumwambukiza mkewe bila ya wote wawili kujua, na kwamba wake wengi wasiozaa chanzo chao ni hicho. Madaktari wenzake wengi hawakumpokea vizuri. Ungemkubali, ungelazimika kuwauliza waume wenye heshima zao maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyauliza.

Miaka saba baadaye, mwaka 1879, Albert Neisser, daktari wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 24, alikiona kijidudu chenyewe kwenye darubini. Kinakaa viwiliviwili, kama punje mbili za kahawa zilizoelekeana. Kikapewa jina lake, Neisseria gonorrhoeae. Mwaka uliofuata Carl Credé, mkuu wa hospitali ya wazazi ya Leipzig, akaanza kuwatia watoto wachanga matone ya madini ya fedha machoni. Kabla ya hapo, watoto karibu 10 katika kila 100 waliozaliwa hospitalini kwake walipata usaha wa macho, ambao huweza kupofusha. Baada ya matone, haikufika hata mtoto 1 katika 100. Upofu ule watoto waliupata njiani, wakati wa kuzaliwa, kutoka kwa mama ambaye pengine hakujua kwamba anaumwa.

Salfa: dawa ya kwanza, na miaka michache tu

Hadi miaka ya 1930 hakukuwa na dawa ya kuaminika. Watu walisukutuliwa njia ya mkojo kwa maji ya madini ya fedha, kwa uchungu mkubwa, na wengi hawakupona.

Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza Prontosil, dawa iliyotokana na rangi ya kutilia nguo. Sisi watu wa vitambaa tulipolisoma hilo tulitabasamu. Kutokana nayo zikaja dawa za salfa, na ndani ya miaka michache zikawa zinatibu kisonono kwa vidonge tu. Watu walidhani maradhi yamekwisha.

Furaha haikukaa. Kufika mwaka 1944 vijidudu vingi vilikuwa vimeshaizoea salfa, na mwisho wa miaka ya 1940 zaidi ya 90 katika kila 100 vilivyopimwa maabara havikuwa vinaiogopa tena. Dawa ya kwanza ilikuwa imekwisha kazi hata mtoto aliyezaliwa mwaka ilipokuja hajamaliza shule.

Penisilini, na bwana aliyemeza kidogo

Bahati nzuri penisilini ilikuwa tayari. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, na kuanzia mwaka 1943 ikatumika kutibu kisonono kilichoikataa salfa. Iliponya haraka mno. Marekani wakati wa vita palikuwa na matangazo yaliyobandikwa mitaani kuwaambia watu kwamba penisilini inaponya kisonono kwa saa 4.

Lakini Fleming mwenyewe alikuwa na hofu. Desemba 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, alisimulia mfano ambao tulipousoma ulitusimamisha nywele. Bwana mmoja anaumwa koo. Ananunua penisilini, anajitibu mwenyewe, lakini anatumia kidogo. Kiasi kile hakitoshi kuviua vijidudu, kinatosha kuvifundisha namna ya kuikwepa dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata homa ya mapafu, anatibiwa kwa penisilini, penisilini inashindwa, mke anafariki. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa kwa kifo hicho, na jibu lake lilikuwa ni yule mume aliyeichezea dawa.

Mume aliichezea dawa, mke akafa. Hayo yalisemwa na mtu aliyeigundua dawa yenyewe, hata kabla dawa haijaenea duniani.

Kwa kisonono mambo yalikwenda polepole, lakini yalikwenda. Mwanzoni chini ya yuniti laki 2 za penisilini zilitosha. Baadaye ikabidi kuongeza, na kuongeza tena. Kufika miaka ya 1970 mwongozo wa Marekani ulitaka yuniti milioni 4.8, sindano mbili kwa mpigo, pamoja na vidonge vya kuizuia dawa isitoke mwilini haraka. Zaidi ya mara 20 ya mwanzo, kwa maradhi yale yale.

Mwaka 1976 likaja pigo kubwa. Uingereza na Marekani, karibu wakati mmoja, walipatikana wagonjwa wenye kijidudu kinachotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Wale wa Uingereza walifuatiliwa hadi Afrika Magharibi, wale wa Marekani hadi Asia ya Kusini Mashariki. Kuongeza dozi sasa hakukusaidia kitu. Miaka ya 1980 penisilini ikaachwa.

Kijidudu kinachoshona viraka

Hapa tulikwama. Vipi kidudu kisicho na akili kinajifunza? Tukasoma tena, na tulipolielewa tukaliona kama kazi yetu wenyewe.

Njia ya kwanza ni makosa. Kijidudu huzaana haraka, na kila kinapojinakili hutokea makosa madogo kwenye jeni zake. Kosa moja katika mengi hukifanya kiistahimili dawa kidogo. Dozi kamili ingekiua hata hicho. Nusu dozi huwaua wenzake dhaifu na kukiachia nafasi yote.

Njia ya pili ni kupeana. Vijidudu hupeana vipande vya jeni vya mviringo, kama fundi anavyompa fundi mwenzake karatasi ya kukatia. Haihitaji kubuni mtindo, unaweka karatasi juu ya kitambaa na kukata. Ndivyo uwezo wa kuivunja penisilini ulivyosafiri.

Njia ya tatu ndiyo iliyotushangaza zaidi. Kooni mwetu wanaishi vijidudu wengine wa ukoo huo huo wasio na madhara. Kisonono nacho huweza kukaa kooni bila dalili yoyote. Kikiwa huko huokota vipande vya jeni za jirani zake na kuviunga kwenye jeni yake, kiraka hapa na kiraka pale. Kila antibayotiki tunayomeza kwa mafua yasiyoihitaji inawafundisha usugu majirani hao, na kisonono kinakuja kuazima kilichokwisha kufundishwa.

Dawa baada ya dawa

Baada ya hapo historia inakwenda kama ushanga uliokatika uzi.

Tetrasaiklini, vile vidonge ambavyo kila duka lilikuwa navyo, ilikuwa mbadala wa penisilini. Mwaka 1985 ukaonekana usugu mkali dhidi yake, nao umebebwa kwa vipande vya kupeana.

Spektinomaisini ilikuwa sindano ya kuokoa. Mwaka 1981 jeshi la Marekani liliifanya dawa ya kwanza kwa askari wake waliokuwa Korea Kusini. Mwaka 1985 tayari ilikuwa inashindwa kwa askari wapatao 8 katika kila 100.

Ikaja siprofloksasini, sipro tunayoijua sote. Kidonge kimoja, umemaliza. Miaka ya 1990 ikaanza kushindwa Asia, mwaka 2000 ikakatazwa kwa walioambukizwa Hawaii na Asia, na Aprili 2007 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi, ikaitoa kabisa kwenye tiba ya kisonono.

Ikabaki sefiksimu, kidonge, na seftriaksoni, sindano ya ukoo huo huo. Japani ndiko vidonge vya ukoo huu vilikoanza kushindwa. Agosti 2012 Marekani nayo ikaacha kuitegemea sefiksimu. Sindano ikawa ndiyo nguzo.

Nayo imekwisha tikiswa. Mwaka 2009, Kyoto, Japani, kilipatikana kooni mwa mwanamke mmoja kijidudu kisichoiogopa seftriaksoni, na kilikuwa kimejaa viraka vile tulivyovisema. Mwaka 2018 mwanamume mmoja Uingereza alikuwa na kisonono kilichozikataa kwa nguvu dawa mbili zilizokuwa zikitolewa pamoja, seftriaksoni na azithromaisini. Alipona kwa kuwekewa dawa nyingine kwenye mshipa siku 3. Yeye alikuwa na hospitali ya kumweka mshipani. Tujiulize yule asiyekuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 peke yake watu wazima milioni 82.4 walipata kisonono upya.

Na huku kwetu

Usidhani haya ni ya Kyoto na London. Jirani zetu wa pwani ya Kenya, watafiti walivipima vijidudu vya kisonono vilivyokusanywa kati ya mwaka 2010 na 2015. Vingi vilikuwa sugu kwa penisilini, tetrasaiklini na sipro. Bahari ile ni moja, na mabaharia, wafanyabiashara na watalii ni wale wale.

Lakini Tanzania pia imeipa dunia somo zuri. Kati ya mwaka 1991 na 1994, mkoani Mwanza, jamii 12 za vijijini ziliingizwa kwenye utafiti. Katika nusu yake vituo vya afya viliboreshwa, wahudumu wakafundishwa kutibu maradhi ya zinaa, dawa sahihi zikapatikana bila kukatika, na watu wakaelezwa umuhimu wa kutibiwa mapema. Matokeo yalitolewa mwaka 1995. Maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwenye vijiji hivyo yalipungua kwa karibu asilimia 40 kuliko vile vingine. Hapakuwa na mtambo wa ajabu. Ilikuwa tiba sahihi, karibu na watu, inayotolewa bila ya kumdhalilisha mtu.

Na habari njema haijakatika. Dawa mpya inayoitwa zoliflodasini, ya kunywa mara moja, ilijaribiwa kwa watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba imefanya kazi sawa na sindano. Tumshukuru Mungu. Lakini na salfa ilipokuja watu walifurahi hivi hivi.

Aibu ndiyo rafiki wa kijidudu

Tukiitazama historia hii yote, tunaona dawa zilishindwa kwa sababu nyingi. Zilitumika kwa maradhi yasiyozihitaji, ziliuzwa bila cheti, dozi zilikuwa ndogo. Lakini nyuma ya nyingi ya sababu hizo iko moja, nayo ni kuficha. Mtu anayeona haya haendi hospitali, huenda duka la dawa magharibi, taa zikiwa hazijawashwa. Haelezi anachoumwa, hutaja dawa aliyoisikia kwa mwenzake. Hapimwi. Hanunui dozi nzima, hununua ya pesa aliyonayo mfukoni. Na mwenziwe hamwambii, au humpa nusu.

Haya ni katika imani, sisi hatuwezi kuisema vibaya. Lakini Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Wao waliuliza mambo ya miili yao mbele ya Mtume. Sisi tunashindwa kumuuliza muuguzi aliyefunga mlango?

Basi tuambizane. Uchafu usio wa kawaida, maumivu ya chini ya tumbo, mkojo kuchoma, nenda ukapimwe, kwani si kila uchafu ni kisonono na si kila dawa ni yake. Mume akitibiwa, mke naye atibiwe, hata kama hana dalili, na kila mmoja apate dozi yake kamili. Tendo la ndoa lisubiri mpaka wote wamemaliza tiba na siku 7 zimepita. Dalili zikibaki, rudi ukaseme, usiongeze vidonge vya kubahatisha. Mjamzito ndiye asingoje kabisa, akikumbuka macho ya wale watoto wa Leipzig. Na mawifi na mama wakwe, kabla ya kumwita mtu mgumba, tumkumbuke Noeggerath.

Yule dada tulimsindikiza wenyewe. Gauni lilibaki dukani siku hiyo. Alipimwa, akakutwa nacho, akachomwa sindano yake, akaambiwa amlete na mume. Mume alikasirika siku tatu. Wiki iliyofuata akaenda, usiku, kwa daktari wa mtaa wa mbali. Na aende usiku, maadamu kaenda.

Mirija yake ikoje, hilo bado anafuatiliwa, na mtoto ni riziki ya Mola. Lakini wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Walikuwa wakimsema mzazi anayemwonea haya mkunga. Tukimwangalia dada yetu, tunaona methali hiyo ilikuwa na maana moja zaidi.

Vile vidonge vinne alituachia. Tulivirudisha duka la dawa wakavitupe inavyotakiwa, na ukataji wa vidonge kwa mkasi tumekubaliana uishe. Mkasi wetu ni wa vitambaa.